Viwanja kando ya hori: kisa cha upanuzi wa mji, mikoko na hesabu ya kaboni Lamu bara

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinatokana na ombi la kubadilisha matumizi ya ardhi lililowasilishwa Lamu bara baada ya gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu kufunguliwa mnamo Mei 2021. Majina ya watu, ya kampuni na ya kijiji yameondolewa, na ukubwa wa maeneo umewekwa katika nambari nzima ili mahali penyewe pasitambulike. Mpangilio wa matukio na sababu za maamuzi umeachwa jinsi ulivyokuwa. Mwandishi alishiriki upande wa kamati ya kijiji. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia kuisoma ripoti ya mwekezaji na kuandaa hesabu ya kaboni ambayo ripoti hiyo haikuwa nayo.

Mazingira

Kaunti ya Lamu ilihesabiwa kuwa na watu 101,539 mwaka 2009 na watu 143,920 mwaka 2019, yaani ongezeko la takriban asilimia 42 katika muda wa miaka kumi. Mji wa kale wenyewe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, hauna nafasi ya kuwapokea watu hao: nyumba zimeegemeana, vichochoro ni vyembamba, na sheria za uhifadhi haziruhusu mtu kubomoa na kupandisha ghorofa apendavyo. Ujenzi mpya kwa hiyo umevuka maji. Tangu mradi wa bandari na ushoroba wake wa barabara ulipozinduliwa Machi 2012, ardhi ya bara kuanzia mji wa Mokowe hadi mji wa Hindi imekuwa ikipimwa, kukatwa vipande na kuuzwa kwa kasi ambayo wenyeji hawakuwahi kuiona, na vipande vinavyopendwa zaidi ni vile vinavyotazama maji.

Hapo ndipo mji unapokutana na mikoko. Kwa mujibu wa mpango wa taifa wa usimamizi wa mikoko wa 2017 hadi 2027, Kenya ina takriban hekta 61,271 za mikoko, na Lamu peke yake ina zaidi ya hekta 37,000 kati ya hizo. Misitu hii ilitangazwa kuwa hifadhi ya serikali tangu 1932. Imeijenga Lamu kwa maana halisi, kwa sababu dari za nyumba za mawe zimebebwa na boriti, na upana wa vyumba vyake vya kale uliamuliwa na urefu wa boriti inayoweza kubeba uzito bila kupinda. Mkataji wa Lamu anaujua mkoko kwa unene wake, fito, pau, boriti na nguzo, kila kimoja na bei yake na kazi yake. Ukataji huo una historia ndefu na una matatizo yake, lakini mkataji huchagua mti na kuuacha udongo ulipo. Mjenzi wa viwanja hufanya kinyume, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha kisa chote.

Ombi lenyewe

Kampuni moja ya viwanja ilinunua kutoka kwa familia moja eneo la hekta 5 kando ya hori, yaani ulimi mwembamba wa bahari ulioingia nchi kavu. Hekta 4 kati ya hizo zilikuwa mikoko, hasa aina zinazoitwa mkandaa na mchu, na aina iitwayo mkoko wenyewe ukiwa ukingoni mwa mkondo. Hekta 1 iliyobaki ilikuwa uwanda wa chumvi usio na miti. Kampuni iliomba idhini ya kukata viwanja 60 vya futi 50 kwa 100. Hekta 1 ya mikoko ingechimbwa iwe kituo cha mashua, na udongo utakaotolewa humo, pamoja na kifusi cha matumbawe, ungetumika kuinua hekta 3 nyingine za mikoko pamoja na ule uwanda.

Ripoti ya athari kwa mazingira ilikuwa nene na yenye picha nzuri. Kuhusu kaboni ilikuwa na aya moja tu, iliyosema kwamba miti itakayoondolewa ni ya umri mdogo na kwamba itafidiwa kwa kupanda miche 10,000.

Aya hiyo haikumshtua mtu yeyote katika baraza la kwanza. Kwa watu wa Lamu, habari ya kaboni ilikuwa na sura moja, sura ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokuwa ujengwe karibu na hapo, ambao leseni yake ya mazingira ilifutwa na mahakama maalumu ya mazingira mnamo Juni 2019. Kaboni ilikuwa moshi, ilikuwa bomba refu. Kwamba viwanja vya makazi visivyo na kiwanda wala moshi vinaweza kuwa chanzo cha hewa ukaa, gesi ya kaboni inayoongeza joto duniani, lilikuwa wazo geni, si kwa wazee tu bali pia kwa maafisa waliokaa meza ya mbele. Maswali ya kikao yalihusu samaki, njia ya kupitisha mashua, makaburi yaliyo karibu, na nani angepewa kazi ya ulinzi. Yalikuwa maswali ya haki, na baadhi yake yalikuja kuwa na uzito kuliko hesabu yoyote.

Mzee mmoja aliyekata boriti maisha yake yote aliomba tutembee naye hadi hori maji yalipokuwa yamekupwa. Alichukua mti wa pau, akausukuma kwenye tope kwa mikono miwili, nao ukazama hadi kifuani pake bila kugonga kitu. Alipouvuta, tope lililoshikamana nao lilikuwa jeusi tangu chini hadi juu, limejaa nyuzi za mizizi iliyokufa zamani ambayo bado haijaoza, na lilinuka yai viza. Hakuhitaji kueleza zaidi. Mizizi ile ilikuwa kaboni, na haikuwa imeoza kwa sababu tope linalofunikwa na maji ya chumvi mara mbili kwa siku halina hewa ya kutosha kwa vijidudu vinavyoozesha.

Hesabu

Hatukuwa na fedha za kuchukua sampuli na kuzipeleka maabara, kwa hiyo tulitumia viwango vya kawaida vilivyomo katika mwongozo wa ardhioevu uliotolewa mwaka 2013 na jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa. Viwango hivyo ni wastani wa dunia, na hori moja inaweza kuwa juu yake au chini yake. Lakini ni bora kuliko aya moja isiyo na nambari, na faida yake kubwa ni kwamba upande wa pili hauwezi kudai kuwa tumevibuni.

Kwa mikoko ya ukanda wa joto wenye mvua chache, mwongozo unakadiria tani 92 za mada kavu (uzito wa miti bila maji yake) juu ya ardhi kwa kila hekta, na mizizi kuwa sawa na asilimia 29 ya hizo. Kaboni ni takriban asilimia 45 ya uzito huo. Ukizijumlisha unapata tani 53 hivi za kaboni kwa hekta, na kwa kuwa kila tani ya kaboni ikiungua au kuoza hutoa tani 3.67 za hewa ukaa, miti ya hekta moja ina uwezo wa kutoa tani 196 za hewa ukaa. Hapo ndipo ripoti ya kampuni ingefika, kama ingefika popote.

Udongo ni habari nyingine. Mwongozo huohuo unaweka tani 386 za kaboni kwa hekta katika mita moja ya juu, sawa na tani 1,415 za hewa ukaa. Udongo, basi, una kaboni zaidi ya mara saba ya iliyomo ndani ya miti inayoonekana. Ukichimbwa na kutandazwa juani, mwongozo unataka uhesabiwe kuwa kaboni yote ya mita hiyo imepotea, kwa kuwa hewa huifikia mizizi iliyolala humo kwa karne nyingi na kuozesha kila kitu.

Tulijihadhari tusichanganye kuchimba na kufunika. Baadhi ya wanaharakati waliotaka kutusaidia walizidisha tani 1,415 kwa hekta zote 4 na kupata nambari ya kutisha. Nambari hiyo haikuwa na msingi. Udongo uliofunikwa kwa kifusi na kubaki na maji chini yake unaweza kuihifadhi sehemu kubwa ya kaboni yake; unaoipoteza ni ule uliochimbwa, na ule uliokaushwa kwa mitaro, ambao mwongozo unaukadiria kutoa tani 7.9 za kaboni, yaani tani 29 za hewa ukaa, kwa hekta kila mwaka. Kwa hiyo hesabu yetu iligawa eneo: hekta 1 ya kituo cha mashua, miti na udongo pamoja, takriban tani 1,600, hekta 3 za kufunikwa, miti pekee, takriban tani 590. Jumla ilikuwa karibu tani 2,200, na bado hatukuwa tumehesabu mfereji wa kutoa maji uliochorwa kwenye ramani. Tulipendelea nambari ndogo inayoweza kutetewa mbele ya afisa mwenye kikokotoo kuliko kubwa ambayo ingeanguka kwa swali la kwanza.

Kisha tukaiweka ile miche 10,000 kwenye mizani. Ikipandwa kwa nafasi ya mita moja kwa moja, miche hiyo hutosha hekta 1. Kwa viwango vya mwongozo, hekta 1 ya mikoko katika hali yetu ya hewa hujijazia takriban tani 7 za hewa ukaa kwa mwaka katika miti na mizizi, na takriban tani 6 katika udongo, endapo yote itashika. Hekta 1 iliyochimbwa ingehitaji zaidi ya miaka 120 kulipwa na hekta 1 iliyopandwa. Na hiyo “endapo” ni kubwa. Katika pwani yetu siku za kupanda mikoko zimegeuka siku za kupiga picha: huokotwa matunda ya mkoko kwa sababu ndiyo rahisi kuokota, yakachomekwa kwenye uwanda wowote ulio tupu, bila mtu kuuliza kwa nini uwanda huo ulikuwa tupu tangu mwanzo.

Upande wa pili wa hesabu ulikuwa mgumu zaidi kuuandika kwa haki, kwa sababu watu wanahitaji nyumba. Kamati ilipendekeza viwanja vihamishiwe kwenye kichaka cha juu, umbali wa takriban kilomita 4 kutoka hori, mahali ambapo kampuni ilikuwa na ardhi nyingine. Kichaka hicho nacho si bure. Kwa wastani wa vichaka vya ukanda wa joto barani Afrika, ambao ni tani 70 za mada kavu kwa hekta lakini unaotofautiana kutoka 20 hadi 200, kufyeka hekta 4 kungetoa takriban tani 480 za hewa ukaa. Zaidi ya hapo, mkazi wa hori angetembea hadi jeti, ilhali mkazi wa kichakani angepanda bodaboda. Tulikadiria kila nyumba kufanya safari mbili za kwenda na kurudi kwa siku, kilomita 16, kwa pikipiki inayotumia takriban lita 2.3 kwa kilomita 100, na kila lita ya petroli ikitoa kilo 2.3 za hewa ukaa. Kwa nyumba 60 na siku 300 kwa mwaka, jumla ni tani 15 hivi kila mwaka. Pengo kati ya mipango miwili lilikuwa takriban tani 1,720, kwa hiyo bodaboda zingehitaji zaidi ya miaka 110 kulimaliza. Mpango wa kichakani ulishinda, lakini si kwa sababu haukuwa na gharama, na tuliandika hivyo waziwazi.

Saruji hatukuiingiza katika ulinganisho, kwa kuwa nyumba zingekuwa zilezile popote zitakapojengwa. Ni kweli kwamba utengenezaji wa saruji hutoa karibu asilimia 7 au 8 ya hewa ukaa ya dunia, na kwamba nyumba za bara sasa ni matofali ya saruji na mabati, lakini hilo halikuwa swali lililokuwa mezani.

Maamuzi na sababu zake

Idhini ya mpango wa awali ilikataliwa, na kampuni ikakubali kuhamia kichakani. Itakuwa uongo kusema kwamba ni kaboni iliyowashawishi waamuzi. Kilichowashika zaidi kilikuwa mawe ya mipaka. Mpimaji wa ardhi alipoyafuata mawe hayo wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa kupita kawaida, matatu yalikuwa ndani ya maji. Na Katiba ya 2010, katika ibara ya 62, inasema kwamba ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Hatimiliki ya familia haikuweza kuuza kisichokuwa chake. Mwanasheria wa kampuni aliliona hilo kabla yetu, naamini, na ndiyo sababu mazungumzo yalilainika ghafla.

Hesabu ya kaboni ilifanya kazi mbili. Ya kwanza ni kwamba ilizuia suluhisho la kati ambalo tayari lilikuwa limeanza kusemwa, yaani kampuni iache viwanja lakini ibaki na kituo cha mashua, “hekta moja tu.” Bila hesabu, hekta moja kati ya nne ingeonekana ndogo; kwa hesabu, ilionekana kuwa ndiyo yenye karibu robo tatu ya madhara yote. Ya pili ni kwamba iliwapa maafisa kitu cha kuandika kwenye jalada, kwa sababu Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 inazitaka taasisi za umma kuyazingatia masuala haya, na afisa ambaye hana nambari huandika sentensi moja ya jumla na kufunga faili.

Sharti moja liliongezwa dakika za mwisho kwa ombi la wakazi wenyewe: viwanja vya kichakani viunganishwe na jeti ya zamani kwa barabara inayopitika wakati wa mvua. Njia ya miguu ilikuwepo tayari, ikikata mkono mmoja wa hori mahali ambapo watu walivuka kwa kukunja nguo maji yakiwa yamekupwa. Kila mtu alikubali. Hakuna aliyeuliza barabara itavukaje mkono huo, na katika kumbukumbu za kikao imeandikwa tu kuwa njia “itaboreshwa.”

Kilichotokea

Barabara ilijengwa na mkandarasi mwingine kwa jalada lingine. Kwa kuwa ilihesabiwa kuwa ukarabati wa njia iliyopo, haikufanyiwa tathmini yake ya mazingira. Tuta la kifusi liliwekwa kukatiza mkono wa hori, na ndani yake yakapitishwa mabomba mawili membamba ya saruji. Mabomba hayo yalilazwa juu mno: mdomo wake wa chini ulikuwa karibu kimo cha goti kutoka sakafu ya mkondo, ili yasizibwe na tope. Kwa mhandisi wa barabara hiyo ni busara ya kawaida. Kwa mikoko iliyobaki nyuma ya tuta, takriban hekta 2, maana yake ilikuwa kwamba wakati wa bamvua maji yaliingia, na yaliposhuka hadi usawa wa mabomba yakakwama. Wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari hupanda na kushuka kidogo tu, hayakuingia wala kutoka.

Yule mzee wa boriti alipita tuta likiwa bado halijamalizwa, akamwambia msimamizi kwa Kiamu chake, “Mwanangu, mai yakitopita hapa kula siku, miti hii haiishi,” yaani maji yasipopita hapo kila siku, miti itakufa. Msimamizi alimjibu kwa adabu kwamba mabomba yapo. Mazungumzo hayo hayakuandikwa popote, na kamati ilikuja kuyasikia baadaye.

Masika yalipokuja, maji ya mvua kutoka kichakani, ambako miti ilikuwa imefyekwa na ardhi kuwa wazi, yalikusanyika nyuma ya tuta. Mizizi ya kupumulia ya mchu ilibaki chini ya maji wiki baada ya wiki. Majani yakageuka manjano, yakapukutika, na kufikia msimu uliofuata wa kaskazi mchu wote wa katikati ulikuwa umesimama mkavu. Mkandaa wa pembeni ulifuata polepole zaidi.

Kwa hesabu ileile, miti ya hekta 2 ni takriban tani 390 za hewa ukaa, zitakazotoka kadiri inavyooza au kugeuzwa kuni. Hiyo ni zaidi ya moja kwa tano ya pengo la tani 1,720 ambalo mpango mpya ulikuwa umeliokoa, na haihesabu udongo ambao mizizi yake hai imekufa na haujazwi tena. Kulikuwa na jambo jingine. Mwongozo unaichukua methani (gesi nyingine inayoongeza joto duniani) ya mikoko kuwa sifuri mahali ambapo chumvi inazidi gramu 18 katika kila kilo ya maji, lakini chumvi ikishuka chini ya hapo, kiwango chake kwa ardhioevu zinazorudishiwa maji ni karibu kilo 194 za methani kwa hekta kwa mwaka. Bwawa la maji ya mvua nyuma ya tuta lilikuwa linaelekea huko hasa.

Kamati ililalamika, na safari hii ilisikilizwa haraka kwa sababu kampuni ilikuwa bado inahitaji vibali vya viwanja vilivyosalia. Tuta lilikatwa mahali pawili na kuwekwa makalavati mapana yaliyolazwa usawa wa sakafu ya mkondo. Maji yalianza kupita siku hiyohiyo. Miche ya mchu ilijiotea yenyewe kutokana na mbegu zilizoletwa na maji, bila mtu kupanda hata mmoja, ingawa sehemu ya ndani kabisa, ambako ardhi imetitia baada ya mizizi kufa, bado ni tope tupu.

Uchambuzi

Kilichofaa katika kisa hiki ni kutenganisha matendo. Ripoti nyingi husema “hekta kadhaa za mikoko zitaathirika,” kana kwamba kukata, kufunika, kuchimba na kukausha ni jambo moja. Hapa kila tendo lilipewa nambari yake, na mara moja ikaonekana ni lipi lenye uzito. Kamati isiyo na maabara wala mtaalamu wa kudumu inaweza kufanya hivi kwa siku chache, mradi iwe na ramani, mtu anayeijua hori, na uvumilivu wa kukataa nambari za kutisha zisizo na msingi.

Jambo la pili lililofaa ni kuhesabu gharama ya mbadala. Tulilaumiwa na baadhi ya wenzetu kwa kuweka bodaboda na kichaka kwenye karatasi yetu wenyewe, eti tulimpa adui silaha. Naona ilikuwa kinyume. Afisa wa mipango aliyeisoma aliniambia kuwa ni mara ya kwanza kuona pingamizi linalokubali kwamba mji lazima ukue mahali fulani. Kuzuia ujenzi hori na kunyamaza kuhusu kichaka kungekuwa kuhamisha uchafu kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine.

Kilichoshindikana kilikuwa mipaka ya hesabu. Sisi, kampuni na maafisa, sote tulihesabu viwanja. Barabara, iliyozaliwa na uamuzi wetu wenyewe wa kuhama, ilikuwa nje ya mstari. Viwanja vya hori visingehitaji tuta. Viwanja vya kichakani vilihitaji, na kwa hiyo tuta lilikuwa sehemu ya mpango wa kichakani tangu siku ya kwanza, hata kama fedha zake, mkandarasi wake na jalada lake vilikuwa vingine. Naamini hili ndilo tatizo kubwa zaidi katika namna tunavyosimamia upanuzi wa miji pwani yote, si Lamu tu: nyumba huombewa idhini kwa jina la mtu mmoja, barabara kwa jina la mwingine, maji na umeme kwa wengine tena, na kila mmoja akija mbele ya afisa anaonekana mdogo.

Kasoro nyingine ilikuwa katika nani anasikilizwa wakati gani. Ujuzi wa yule mzee ulitumika tulipotaka kuuelewa udongo, kisha ukaachwa tulipofika kwenye ujenzi, kana kwamba mambo ya mabomba ni ya wahandisi peke yao. Ilhali swali lililoamua hatima ya hekta 2 halikuwa la uhandisi mgumu: mdomo wa bomba uwe kimo gani ili maji mafu yapite? Mtu yeyote anayevuka hori ile kila siku angelijibu kwa kuonyesha kwa mkono.

Kuhusu miche, kisa kinaonyesha tofauti ambayo miradi mingi huikwepa. Miche 10,000 ya ripoti ya kwanza haikupandwa kamwe. Mchu uliorudi nyuma ya tuta haukupandwa na mtu. Maji yakirudi kwa kimo chake, msitu hujijaza wenyewe, na fedha za sherehe ya kupanda zingetosha kulipia sehemu nzuri ya kalavati.

Yaliyobaki mezani

Kampuni ilileta pendekezo ambalo hatukulitarajia. Kwa kuwa mikoko ya nyuma ya tuta inarudi, ilitaka isajiliwe kama mradi wa kuuza hati za kaboni, na mapato yagawanywe na kijiji. Walitaja mfano wa Gazi kule Kwale, ambako mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza hati za kaboni ya mikoko tangu 2013, na walitaja marekebisho ya 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, yanayotaka angalau asilimia 40 ya mapato ya miradi ya ardhini iende kwa jamii.

Kamati ilikataa, kwa sababu mbili zilizoandikwa. Ya kwanza ni ya kiasi: mradi wa Gazi una hekta 117, na gharama ya kupima na kuthibitisha hekta 2 ingemeza mapato yote kabla kijiji hakijaona shilingi. Ya pili ni kwamba mnunuzi wa hati hulipia kaboni ambayo isingehifadhiwa bila fedha yake, ilhali hapa kilichokuwa kikifanyika ni kurudisha kilichoharibiwa na tuta, chini ya sharti la kibali. Kamati iliomba badala yake kwamba gharama ya kukagua na kuzibua makalavati iandikwe kwenye masharti ya viwanja, ilipwe na wenye viwanja kila mwaka, na kwamba ombi lolote jipya la ardhi inayopakana na hori lisipokelewe bila ramani moja inayoonyesha nyumba, barabara na njia za maji pamoja, ikiwa na vimo vya mabomba. La kwanza lilikubaliwa. La pili bado liko kwa maafisa wa mipango, na ombi la jirani limeshaingia.